Uso Kwenye Shali ya Mamoliehi

Mamoliehi, tuliyemzika majira ya baridi yaliyopita, alikuwa jirani yangu tangu tulipoletwa hapa maharusi, katika kijiji hiki cha mlimani, juu ya mji wa Mokhotlong. Wengi wanamkumbuka kwa pombe yake ya mtama na mafagio aliyosuka. Mimi namkumbuka kwa mwaka wake wa nguo nyeusi, na kwa kuwa wenzangu wanausimulia ovyo ovyo, nauandika mwenyewe.

Mumewe, Tankiso, alirudishwa kutoka migodini ndani ya sanduku lililopigiliwa misumari. Waliolileta walisema tusilifungue. Dada yake Tankiso, Mathuso, alililalia sanduku lile akilia, "Nionyesheni uso tu! Uso tu!" Hakuonyeshwa. Tulizika mbao.

Mamoliehi akavishwa gauni jeusi na shali nyeusi ya sufu, na binti yake Moliehi akashonewa kitambaa cheusi kwenye mkono wa sare ya shule. Nyumba yenye msiba haina kujipamba. Kioo kiligeuziwa ukutani, mafuta ya uso yakawekwa mbali. Mwaka ukiisha, mjane huvuliwa nyeusi, nguo zikachomwa, naye akabaki mwenye nyumba yake na shamba lake. Asipovuliwa vizuri, hurudishwa kwao mikono mitupu.

Sasa Moliehi alikuwa kwenye umri ule, na chunusi zilimjaa paji la uso, mashavu na kidevu. Wavulana shuleni walimwita Gunzi. "Gunzi, nani amekupukuchua mahindi?" Alijaribu dawa ya meno, akaungua. Alizibinya, zikaacha madoa. Mwisho muuguzi wa mjini akampa dawa nyeupe ya tyubu. Akamwambia apake kila jioni, nyembamba, uso mzima na si kwenye chunusi peke yake, aache macho na midomo. Ngozi itakauka na kuchubuka kidogo, avumilie, hata miezi miwili. Na alalie kitambaa cheupe.

Hilo la mwisho lilimshinda. Angeomba kitambaa cheupe vipi kwenye nyumba ya msiba bila kusema cha nini? Basi alijipaka kwa siri, akanyamaza. Na kwa baridi yetu hapa, alilala chali amejifunika kichwa kizima kwa kile kilichokuwa karibu: shali ya mama yake.

Sisi hatukuyajua hayo. Tulichoona kwanza ni doa, kama chai iliyomwagika. Mamoliehi alilisugua, halikutoka. Baada ya muda likawa paji la uso. Kisha mashavu mawili. Kisha pua na kidevu, rangi ya kutu juu ya weusi, na pale penye macho mashimo mawili meusi, na penye mdomo shimo jingine.

Shali ile hakuruhusiwa kuivua mchana. Aliigeuza, lakini uso ulikuwa umepenya upande wa pili. Akaivaa hivyo hivyo, ukawa mgongoni. Ukimfuata kwenda chemchemi, yeye anatazama mbele, na mwingine anakutazama wewe. Siku moja nilimwona amekaa juani, shali ameivuta mbele mpaka magotini bila kuivua, anaisemesha.

"Unaongea na nani, mama Moliehi?"

"Nimemuuliza anataka nini," akasema. "Kila asubuhi yuko karibu zaidi."

Kijijini tulisema ni Tankiso amerudi, na hata Moliehi aliamini ni baba yake. Aliacha kuutazama ule uso, na huku chunusi zake zikinywea, hakuna aliyezitazama.

Asubuhi ya kumvua mama yake nyeusi, ukoo ulikusanyika uani. Mathuso alipoiona shali alipiga magoti.

"Ni yeye! Paji lile ni la kaka yangu. Mlininyima, amekuja mwenyewe."

"Kama amekuja, ana neno," akasema Phakiso, kaka mkubwa wa marehemu. "Na mbona amekuja kwenye mgongo wa mkewe? Ulimfanya nini, shemeji?"

"Nimfanye nini mtu aliyekufa chini ya ardhi, mbali na mimi?"

"Jibu vizuri, wifi!" Mathuso akafoka. "Maiti hamwandami mtu bure."

"Nguo hii siichomi," Phakiso akasema. "Nani achome uso wa ndugu yake? Na isipochomwa, huyu hajavuliwa. Arudi kwao mpaka tujue."

Mamoliehi hakulia. Aliitazama nyumba yake, kisha shamba.

Mimi nilikuwa nafumua kile kitambaa cheusi mkononi mwa Moliehi, maana naye alikuwa anavuliwa. Nikaona alama za vidole juu yake, zenye rangi ileile ya kutu.

"Hizi nini?"

Akazitazama. "Nilikuwa nafutia dawa hapa," akanong'ona. Kisha kwa sauti: "Baba mkubwa, ni mimi. Nilijipaka dawa ya chunusi. Inakula rangi ya nguo."

"Ulijipaka uso ndani ya msiba?" Mathuso akamgeukia. "Mwongo! Unamtetea mama yako."

Moliehi akaichukua shali begani mwa mama yake. Akalala chali pale uani, kwenye mavumbi, akajifunika kichwa, akaivuta huku na huku. Paji likakaa juu ya paji. Pua ikainuka. Yale mashimo yakadidimia, kila moja mahali pake, na tukaona anatutazama mtu aliyelala chini, mwenye uso wa kutu na asiye na macho. Mbwa wa Phakiso akarudi nyuma.

Mathuso akanyoosha kidole, akagusa shavu.

"Shangazi," ule uso ukasema, na kitambaa kikaingia ndani ya mdomo, kikatoka. "Ni mimi. Ni mimi tu."

Mathuso alipiga yowe ambalo sijasikia jingine kama hilo. Kisha akaangua kilio cha polepole, cha mtu anayezika. Phakiso alivua kofia. Akasema mtoto atatoa kuku kwa kuvunja mwiko, na mjane avuliwe.

"Ngoja," Mathuso akasema. Alijua sasa ni uso wa nani. Hata hivyo aliikunjua shali juu ya magoti yake, akalipapasa lile paji, akasema, "Nenda salama, kaka." Ndipo akaitoa ichomwe.

Moto ulishika pindo kwanza. Shavu moja likakunjamana, mdomo ukapanuka kama wa mtu anayetaka kusema. Moliehi, kando yangu, alijishika mashavu kwa mikono miwili, akarudi nyuma, ingawa joto halikutufikia.

Mama yake akamgeuza kwa mabega.

"Usiangalie, mwanangu. Njoo unimwagie maji nioge."