Douce na Kompyuta Iliyofunzwa Kunyamaza

Nina habari ambayo hata mama yangu mzazi, aliyeamini kila nilichosema, angeikataa. Hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi Malawi, chini ya mabati yanayokaanga watu kama ndagala, kuna mwanamke aliyefunga injini ya friji kwenye kompyuta. Cheka kwanza, halafu sikiliza.

Jina lake Douce, mtoto wa dada yangu, wa Bukavu. Akili kairithi kwangu. Uvivu ni wa baba yake, nao kwa bahati haukumfikia. Anatengeneza friji, na Jumapili anaimba kwaya.

Sasa, Mama Marguerite, sauti kuu ya kwaya, alikuwa amepata ndege ya kwenda Kanada. Zilibaki siku chache. Wimbo wake wa kupalilia mihogo, aliotoka nao kwao Fizi, Kongo, hakuna mwingine aliyeujua mwanzo hadi mwisho. Asiporekodiwa, ungepanda ndege naye. Kompyuta ya kwaya ilikuwepo, tena ya nguvu, lakini joto likipanda feni zake zinavuma kama mashine ya kusaga mahindi, na kipaza sauti kinameza yote. Ukizima feni, yenyewe inasusa, inajizima.

Douce akaenda Lilongwe, mtaa wa Kauma, akapata friji iliyooza mwili lakini moyo bado unapiga. Akaupakata ule moyo kama mtoto mchanga, kwenye minibasi mpaka mji wa Lumbadzi, na kutoka hapo mpaka kambini. Akauweka nyuma ya nyumba, upige kelele zake huko. Akatoboa ukuta, akapitisha mrija wa shaba mpaka kwenye kibati alichokikandamiza juu ya ubongo wa kompyuta. Gesi inazunguka, inabeba joto, inakwenda kulitupa nje. Feni akazing'oa. Kimya! Ungemsikia nzi akifikiri.

Kwaya nzima ikaingia, mlango ukafungwa. Hawajamaliza ubeti, Douce akaona shaba inatoka jasho. Pumzi za watu wote wale zilikuwa zikigusa baridi na kugeuka matone. Tone moja liingie kwenye umeme, kwaheri kompyuta, kwaheri wimbo.

"Bamama, mutoke inje. Pumzi yenu njo inaleta maji."

"Pumzi yetu iko na kosa gani?" akaruka Mama Jeannette. "Mi nilipiga mswaki!"

Mama Marguerite akakunja mikono. "Bakitoka, na mi natoka. Hii wimbo haiimbwe na mutu moya."

Douce hakubishana na mkubwa. Akafuta shaba, akapunguza baridi, akakata sponji ya godoro lake akauviringishia mrija, na juu akakaza plastiki hewa isiguse. Kisha akawapanga akina mama barazani, mlango wazi, Mama Marguerite kizingitini, akiwaona wenzake wote.

Wakaimba mpaka mwisho. Douce akasikiliza rekodi: sauti zao, na ile pumzi ya Mama katikati ya beti. Basi. Akalia, ingawa kwenu atasema ni vumbi. Mama akamshika mashavu.

"Mwanangu, sasa naenda, lakini nimebaki."

Nami nilikuwepo, nimeshika mrija kwa mikono hii. Baridi ilikuwa kali hata sharubu zangu zikaota barafu, kuku wa jirani wakataga mayai yaliyoganda, na kule kiwanjani ndege ya Mama ikakataa kuruka kwa sababu ya theluji ya—

"Tonton!" Douce akanikatiza mimi mjomba wake. "Theluji? Siku ile we ulikuwa Lumbadzi, unakula nsima ya batu kwa matanga!"