Kaka Wawili kwenye Fomu ya Moyo

Kosa lilikuwa langu, wala sitaki kumsingizia muuguzi. Aliniuliza kaka zangu wangapi wamefariki kwa maradhi ya moyo wakiwa bado hawajazeeka, nikamjibu wawili, naye akaandika wawili. Sikudanganya. Nyumbani kwetu hatujapata kuwahesabu namna nyingine.

Kliniki ile nilikwenda shingo upande. Mke wangu ndiye aliyepanga miadi, baada ya kaka yangu kuanguka akafa penye maegesho ya gari mtaa wa Hamriya, mwaka jana, ana miaka arubaini na nane na sigara hajapata kuvuta. Mimi nna arubaini na moja. Walitaka kunipima damu waone nimerithi nini, ili kama moyo wangu una hatari waanze kuukinga mapema. Hilo la kutibiwa maradhi nisiyokuwa nayo ndilo lililonitia shaka. Fundi wa gari akikwambia kitu kitaharibika miaka kumi ijayo, ukibadilishe leo, na spea anauza yeye mwenyewe, utamfikiriaje?

Daktari alikuwa mwanamke, Mwomani kama sisi, ila wazee wake walitokea Tabora, si pwani kama wetu, na Kiswahili chake ni cha bara. Hilo nalo sikulipenda. Nilijiambia kwamba daktari anayekusemesha lugha ya nyumbani anataka ukubali jambo. Huenda nilimwonea. Huenda alitaka nifahamu tu.

Majibu yalipokuja alisema vinasaba vyangu viko upande wa hatari kubwa, mafuta ya damu yamepanda kidogo, na kwa vile kaka wawili wa tumbo moja wamekufa kwa moyo, anaona nianze sasa kidonge cha kushusha mafuta. Nikauliza mpaka lini. Akasema huenda maisha yote. Duka la dawa lilikuwa chini ya ngazi, jengo lile lile. Nilinunua boksi sikulifungua, na njia nzima ya mlimani kurudi nyumbani Al Amerat nilikuwa nawaza labda ile chupa ya damu ilikuwa ya mtu mwengine.

Mke wangu alinisikiliza nikimhadithia juu ya kahawa. Nilipofika kwenye kaka wawili aliweka kikombe chini.

"Wawili wepi?"

"Si unawajua."

"Mume wangu, yule mmoja alinyonya kwa mamako, hakuzaliwa na mamako. Ungeniandika na mie basi, maana nakula kwako."

Alicheka sana. Alikuwa anasema kweli. Mama yake yule alikuwa jirani yetu, akaugua baada ya kujifungua, na mama yangu akamnyonyesha mtoto pamoja na kaka yangu huyu aliyeanguka Hamriya. Kwa dini yetu ni ndugu kamili: asingeweza kumwoa dada yetu yeyote, na dada zetu hawakujitanda ushungi mbele yake. Alilala kwetu mpaka akaota ndevu. Alipofariki, miaka mitatu sasa, mimi nilisimama na mwanawe kupokea rambirambi, na watu wakanipa pole ya kaka.

Niliingiwa na furaha, na furaha ile niliishuku kuliko kliniki. Nilisema nakwenda kusahihisha fomu kwa sababu ndiyo haki. Lakini pia nilitaka kidonge kiniondokee. Mpaka leo sijui lipi lilikuwa kubwa.

Nilimweleza mama kwanza, nisije nikafanya jambo nyuma yake. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho.

"Niliwanyonyesha wote wawili, huyu huku, yule huku," alisema. "Usende ukanifutia mwanangu kwenye karatasi."

Nikamwambia karatasi ile ni ya hospitali, si ya kadhi. Akasema karatasi ni karatasi. Nikaenda hivyo hivyo.

Daktari hakunicheka. Alisema si mimi wa kwanza, na lilikuwa kosa lake vilevile, angeuliza vizuri.

"Maziwa yanaharamisha ndoa, kaka yangu, lakini hayarithishi moyo," alisema. "Huyo nimemtoa. Mmoja amebaki, na damu yako iko pale pale."

Nikamuuliza ana hakika gani na hiyo damu. Nilitegemea atakasirika. Akasema hakika kamili hana. Hesabu zenyewe zimetengenezwa zaidi kwa watu wa nchi nyengine, kwetu sisi tuliochanganya damu zinaweza kukosea, na hata zikiwa sawa hazimwambii mtu kuwa ataugua, zinamwambia asisubiri. Mfanyabiashara asingesema hivyo. Au mfanyabiashara hodari ndivyo anavyosema. Ushauri wake haukubadilika. Nilipokuwa nainuka akaniuliza kama yule niliyemtoa aliacha watoto, kwa sababu moyo wake aliurithi kwa wazee wake mwenyewe, na wanawe pengine hakuna aliyewaita kupimwa.

Aliacha mmoja, fundi wa viyoyozi, anakaa Yiti, ana miaka ishirini na nne. Nilimpigia baada ya alasiri kumwambia naye akapimwe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Ami, wanakulipa ukiwapelekea watu?"

Sikuweza kukasirika, maana mimi ningeuliza hayo hayo. Nikamwambia hapana, na kwamba wakimuuliza habari za ukoo awataje wa damu ya babake na mamake tu, mimi asinitaje.

"Kwa hivyo siku hizi wewe si ami yangu?"

"Ami yako. Ila si kwenye fomu ile."

Nikasikia anafunga mlango wa gari.

"Na wewe hivyo vidonge unakunywa?"

Boksi lilikuwa juu ya friji, wiki ya pili, halijafunguliwa. Ningesema ndiyo asingejua. Nikamwambia asikate simu. Nikalishusha, nikalichana, nikameza kimoja kwa maji ya gudulia.

"Nishakunywa," nikamwambia. "Cha mwanzo."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Akasema nimtumie ramani ya kliniki, ila haniahidi kitu.