Kiti cha Jaji Kapinga Kando ya Mpaka

Ukipita Bungulu, pale Beni, Jumapili baada ya misa, utaona mama mmoja mrefu anarudi nyumbani peke yake, mwavuli mkononi hata jua likiwaka. Watu wanamsalimia kutoka mbali: "Bonjour, Madame juge!" Anaitikia, anaendelea. Hakuna anayemwambia karibu chakula. Si kwamba watu wa Bungulu ni wachoyo, hapana. Wanajua hataingia.

Jina lake Kapinga Yolande. Alizaliwa Kananga, mbali kabisa, ambako baba yake alikuwa karani wa tribunal, yaani mahakama, na kila jioni alirudi na wino kwenye vidole. Binti akasoma sheria, akaapishwa, akaolewa, akafiwa na mume mapema. Serikali ilipomtuma Kivu, aliwaacha watoto wawili kwa dada yake. Alisema ni mwaka mmoja tu. Sasa wale watoto wana watoto wao, na yeye wajukuu anawajua kwa sauti ya simu.

Alianzia Butembo. Mwezi wa kwanza, mfanyabiashara mmoja, Salomon, alimkaribisha kwake. Mgeni asiye na ndugu mjini, afanyeje? Alikula bugali na maharage, akaongeza, akacheka mpaka machozi. Jumanne iliyofuata, Salomon huyo mbele yake tribunal, ana kesi ya kiwanja. Na huko nje alikuwa ameshawatangazia wote: "Ule juge ni mutu wa kwangu! Alikulaka kwangu, tena aliongeza!"

Karatasi za Salomon zilikuwa mbovu, akashindwa. Basi mji mzima ukasema yule mwanamke anakula na kusahau. Tangu hapo Kapinga akaapa kiapo kingine, ambacho hakimo katika kitabu chochote cha sheria: chakula cha mtu wa mji hakitapita mdomoni mwake.

Alipohamishiwa Beni, jirani yake alikuwa Mama Berthe Kavugho, mjane anayeuza avoka sokoni. Jumapili ya kwanza Berthe akatuma sahani ya sombe, majani ya muhogo yaliyopondwa, imefunikwa vizuri. Ikarudi vilevile, na kifuniko chake. Ya pili pia. Ya tatu akaileta mwenyewe.

"Mama juge, sombe yangu iko na sumu?"

"Hapana, mama. Siogopi sombe. Naogopa siku utasimama mbele yangu."

"Mimi? Tribunal?" Berthe akacheka. "Mais mama, hata mulango yake sijui!"

Lakini Berthe alikuwa mtu wa akili. Jumapili ya nne akatoa kigoda chake na sahani yake, akaketi upande wake wa yale majani ya mpaka wanayopanda watu wa huku kati ya kiwanja na kiwanja, akaita: "Leta ya kwako! Weye utakula yako, mie yangu. Ao sheria inakataza masikio pia?"

Kapinga akaleta kiti. Wakaendelea hivyo miaka mitatu. Berthe aliucheka ugali wa mahindi wa kwao Kasai: "Hii njo chakula ya kuku!" Naye Kapinga: "Yako ya muhogo inanata sawa kole ya karatasi." Katika wiki nzima, hiyo ndiyo saa pekee ambayo Kapinga aliitwa mama na mtu asiyetaka kitu.

Kisha Kambere, ndugu wa marehemu mume wa Berthe, akadai kwa sheria kile kiwanja alichokuwa akiishi Berthe. Faili la kesi likaangukia meza ya Kapinga. Akasoma jina, akarudia kulisoma. Siku hiyohiyo akaandika barua ya kujiondoa, kesi ikaenda kwa mwenzake kijana, Esdras. Na mpaka iishe, kiti kikabaki ndani.

Berthe akaita juu ya majani: "Siku ninakuhitaji, njo unanikimbia?"

Kapinga alisimama mlangoni. Neno lolote angelisema lingekuwa neno la kesi. Akafunga mlango polepole.

Miezi saba. Jumapili alikula chumbani, ameelekea ukuta, asisikie kigoda kikitolewa.

Siku ya kusikilizwa, kama karani wa tribunal alivyomsimulia Kapinga, Kambere alisimama akapaza sauti: "Monsieur le juge, huyu na Madame Kapinga banakulaka pamoja! Muji yote inajua!"

Esdras akamgeukia Berthe.

"Pamoja?" Berthe akasema. "Hata siku moja. Yeye yake, mie yangu, katikati mupaka. Sombe yangu hajaionja mupaka leo, na njo inaniuma."

Watu wakacheka, hata Esdras akaficha mdomo. Karatasi za marehemu zilikuwa wazi. Kiwanja kikabaki cha Berthe.

Jumapili, sahani ikaja, imefunikwa. Kapinga akainua kifuniko kidogo tu: sombe na samaki, mvuke unapanda. Shukrani ya mtu aliyeshinda. Akafunika, akaibeba mwenyewe, akaiweka chini upande wa Berthe. Kisha akatoa kiti chake na sahani yake, akaketi.

Berthe akatoka. Akaiona sombe yake imerudi, akaichukua, akaingia ndani.

Jumapili ya pili Kapinga aliketi peke yake. Ya tatu vilevile, ugali ukapoa magotini. Watoto wa njiani walimtazama wakapita.

Ya nne, tonge likiwa mkononi, akasikia kigoda kinakokotwa.

"Mama juge," Berthe akasema, bila kumtazama, "hiyo chakula ya kuku umeiunguza. Inanuka mupaka kwangu."

"Najua, mama," Kapinga akajibu, akasogeza kiti karibu kidogo na majani.