Nilivyomkatiza Askofu kwa neema: yaliyonipata kwenye practical ya Master's ya kambi, Kapsokwony

Wakuu, salamu kutoka Trans-Nzoia, mahindi yanaendelea vizuri.

Mimi humu huwa nasoma zaidi ya kuandika. Leo naandika kwa sababu kisa hiki kimeanza kusimuliwa Kitale na watu ambao hawakuwepo, na kila mmoja anakiongezea chumvi yake. Nitaweka hapa yale niliyoyaona kwa macho yangu. Majina nimebadilisha. Mlima nimeuacha ulivyo.

Kwanza mnijue kidogo. Humu niiteni Kimani, au Baba Njeri.

Shule yangu iliishia kidato cha nne, lakini kusoma hakukuishia hapo. Mafundo ya kamba nilijifunza kutoka kwa kitabu cha wapanda milima nilichokipata sokoni kikiwa hakina jalada. Huduma ya kwanza, kusoma ramani, kuchimba choo cha kambi kisichonuka: vyote nilijifundisha mwenyewe, jioni, baada ya kukamua ng'ombe.

Kanisa letu lina shamba nje ya mji wa Kitale, lenye miti na mto mdogo. Kwa miaka mingi nimeendesha kambi za vijana pale. Hakuna aliyezama, hakuna aliyeungua, na waliopotea walipatikana.

Kisha bodi ya kanisa ikaamua kambi iongozwe na mtu mwenye makaratasi. Waliniambia bila kuzunguka: ingia darasani, ama tutafute mwingine.

Ndipo nikagundua kwamba kuna Master's ya uongozi wa kambi za Kikristo na huduma ya nje. Ndiyo wakuu, ipo. Unasomea hema, moto, mlima na Mungu, na ratiba inafuata mpangilio huo.

Nilipomwambia mama yangu, aliweka kikombe chini.

"Ati unasomea kulala kwa tent? Sisi tulilala kwa tent mwaka mzima wakati wa fujo za uchaguzi, na mvua ikitunyeshea. Mbona hatukupewa digrii?"

 

Kwa kuwa sikuwa na digrii ya kwanza, chuo kilinikubali kwa sharti moja: nipite practical ya kwanza. Nikianguka, safari inaishia hapo, na kambi niliyoijenga inapata bosi mwingine. Naomba mkumbuke hilo mnaposoma, msije mkauliza kwa nini nilifanya nilichofanya.

Masomo yalikuwa Bungoma, kwenye ukumbi wa kanisa, wakati wa likizo za shule. Karibu darasa lote walikuwa wachungaji. Watu wazuri, lakini ukimpa mchungaji zamu ya kuwasha moto, ataanza na historia ya moto tangu Mwanzo, na chai itachelewa.

Mhadhiri wetu nitamwita Daktari Nasimiyu. Mama mkimya, anavaa raba, hacheki ovyo. Alituambia mapema: "Siku ya practical, mimi ni mti. Mti hauulizwi maswali, na mti hausaidii mtu."

Practical yangu ilikuwa hivi. Nichukue vijana wa kanisa moja la Kipsongo na wenzao wa Sirisia, niwapandishe kutoka Kapsokwony hadi pango moja mlimani, wakae kimya pale na Mungu wao kwa muda, kisha niwashushe kabla ya mvua.

Hiyo mvua ndiyo mtihani wenyewe. Msimu ule ilikuwa inakuja kila siku baada ya chakula cha mchana, na njia ile ikilowa inakuwa sabuni. Kanuni ya chuo ilikuwa wazi: ukichelewa kuondoka, hupandi. Usipopanda, umeanguka.

Nilipima njia, nikapima viatu vya watoto wa watu, nikapanga nani atembee mbele na nani nyuma. Nilipanga kila kitu isipokuwa Mchungaji Barasa.

Barasa alikuwa mwanafunzi mwenzangu, na siku hiyo alikuwa msaidizi wangu upande wa programu. Nilipofika asubuhi kwenye uwanja wa shule tulipopanga kuanzia, nilikuta viti vya plastiki vimepangwa, spika mbili, jenereta, na meza yenye kitambaa cheupe na maua.

"Barasa, hii ni nini?"

"Nimemwalika Askofu."

"Kwa nini?"

"Mkuu wangu, kambi bila mgeni rasmi ni picnic."

Askofu huyo ndiye mwenyekiti wa bodi ya kanisa letu. Ile ile.

Wale wa pande hizi mnajua kilichofuata. Mkubwa akija, hawezi kusalimia watu kabla ya wadogo wake kusalimia. Kwa hiyo kiongozi wa vijana alisalimia. Mama kiongozi akasalimia. Mwalimu mkuu akasalimia kwa niaba ya shule, na mwakilishi wa chifu kwa niaba ya serikali nzima. Kila mmoja alianza na "mimi sina mengi", kisha akayaleta yote.

Vijana walikuwa wamekaa na mabegi mgongoni, kama kobe.

Jua lilikuwa limeshapanda Askofu aliposimama. Alishika kipaza sauti, akatabasamu. "Nina mambo matatu tu."

Jambo la kwanza lilikuwa na matawi. Tawi moja lilifika hadi harusi yake.

Nilimtazama Barasa, nikamwonyesha mlima. Akanionyesha Askofu. Nilimtazama Daktari Nasimiyu. Alikuwa mti.

Juu ya mlima, wingu lilikuwa limeanza kujikusanya.

Sasa wakuu, kumkatiza Askofu haiwezekani. Humvuti shati, humpelekei kikaratasi. Lakini mimi nimekaa kwenye mikutano ya kanisa maisha yangu yote, na najua kitu kimoja tu kinachonyamazisha kila mtu, mwenye kofia na asiye na kofia. Neema. Sala hiyo ya kufungia ibada ikianza kusemwa, watu husimama, macho hufungwa, na midomo hujiendea yenyewe.

Askofu alipofika jambo la pili, alisimama kidogo kunywa maji.

Nikainuka. Nikafumba macho. Nikasema kwa sauti yote niliyopewa: "Na tuseme neema kwa pamoja."

Kabla sijamaliza maneno ya kwanza, uwanja mzima ulikuwa nami. Nilifungua jicho moja. Askofu mwenyewe alikuwa amefumba macho, glasi mkononi, akiitikia kwa unyenyekevu kabisa.

Tukasema amina. Nikajiona mjanja kuliko nyoka.

Ujanja wangu ulidumu mpaka watu walipomaliza kushikana mikono.

Kwa sababu neema, wakuu, haimfungi msemaji. Inafunga siku. Mtu wa huku akishaisema, mwili wake unajua kinachofuata ni chakula na kwenda nyumbani. Mama Nekesa, mkuu wa jikoni, alifunua sufuria. Harufu ya maharagwe ilitembea uwanjani, na vijana wa Kipsongo wakaifuata wakiwa na sahani. Vijana wa Sirisia walirusha mabegi juu ya lori lao. Dereva akawasha injini. Kijana mmoja alinishika mkono: "Asante kwa kambi, Baba Njeri. Tumebarikiwa sana."

Nilikimbilia jikoni.

"Mama, rudisha kifuniko! Tunapanda mlima kwanza."

"Mnapanda na nani? Si mmefunga? Nimesikia na masikio yangu."

"Ile ilikuwa ya..."

"Ama leo neema ilikuwa ya kupima spika?"

Akina mama wote walicheka. Mwiko uliendelea kugawa.

Barasa alikuja polepole, mikono mfukoni. "Ndugu yangu, umefunga kambi. Na wala hatukuwa tumeifungua."

Pale ndipo nilipoona akilini shamba letu, mto, miti, na bosi mgeni akikagua choo changu.

Kisha watu wakapisha njia. Askofu alikuwa anakuja.

"Nani amesema neema?"

"Ni mimi, Baba Askofu."

"Nilikuwa kwa jambo la pili, Kimani."

"Najua, Baba. Lakini mvua haikuwa imealikwa, haiwezi kungoja zamu yake."

Mtu mmoja nyuma yangu alisema "uuwi" kwa sauti ndogo.

Askofu alinitazama, akaangalia wingu, akaniangalia tena. Mzee huyu hulima mahindi. Hakuhitaji kuelezwa wingu.

"Hilo pango liko wapi?"

"Pale juu, baada ya msitu."

"Basi jambo la pili na la tatu nitayamalizia huko. Nani ana gumboot za size yangu?"

Mwakilishi wa chifu alivuliwa zake hapo hapo. Serikali ikabaki na soksi.

Askofu alikunja kanzu, akaifunga kwa mshipi, akaanza kutembea. Na kile kile kilichonizuia asubuhi yote ndicho kilichoniokoa: nani atakaa ale wakati Askofu yuko kwa miguu? Mama Nekesa alirudisha kifuniko bila kuambiwa. Mabegi yakashuka kutoka kwa lori. Barasa, aliyekuwa ameshauma chapati, aliimeza nzima.

Nilikimbia mbele nikashika nafasi yangu, na tukaondoka tukiwa tumebakiwa na muda wa kutosha, ila si wa kuchezea.

Ile njia haina heshima kwa mtu. Mwanzoni Askofu alikuwa anaeleza miti. Baadaye akawa anaitaja tu. Mwisho akawa anainyooshea kidole. Nyuma yake wachungaji wa darasa langu, waliokuja kutazama practical, walipumua kama mvukuto wa mhunzi.

Tulipofika pangoni, Askofu alikaa juu ya jiwe, mdomo wazi. Maji yalikuwa yanadondoka ndani gizani. Msichana mmoja wa Kipsongo, asiyeogopa mtu, alimwuliza: "Baba, na yale mambo mawili?"

Askofu aliinua mkono. "Ngoja nipumue."

Tukangoja. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzuri sana kuhusu faida ya ukimya, nikaona nikiitoa nitauharibu. Wale wachungaji walikaa kimya muda mrefu kuliko nilivyowahi kuwaona, hata kwenye matanga. Baadhi yao walikuwa wanalia. Sijui kama ni roho au ni magoti.

Niliposema tushuke, Askofu alisimama, akatikisa kanzu, akaniambia "Haya", tukashuka.

Mvua ilitukuta tukiingia uwanjani. Barasa peke yake ndiye aliyekuwa bado kwenye mteremko, na alimalizia kwa makalio. Hakuumia, isipokuwa suruali.

Daktari Nasimiyu aliniita kwenye veranda ya madarasa. Mabati yalikuwa yanapiga kelele, ikabidi aniinamie.

"Ulijua neema inafunga mkutano?"

"Ndiyo, Daktari."

"Na hukujua itafunga wote?"

"Nilitarajia imfunge Askofu peke yake."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mti ulicheka. Ulicheka hadi ukashika nguzo.

Matokeo yalikuja baadaye. Nimepita, kwa kukwaruza. Bodi imenipa kambi, na darasani naendelea. Chini ya alama zangu Daktari aliandika sentensi mbili: "Anajua kufunga mkutano. Sasa ajifunze kuufungua."

Na msiniulize yale mambo mawili yalikuwa gani. Mpaka leo Askofu hajayasema, na hakuna mwenye gumboot anayethubutu kumkumbusha.

Nililojifunza ni hili: usishindane na itifaki ukiwa umekaa. Siku hizi mgeni rasmi akija kambini kwangu, napokea mkono wake kwa heshima zote, nampa fimbo ya kutembelea, na kipaza sauti nakiweka juu ya mlima. Akikifikia na pumzi anayo, ahubiri.

Wakuu, hasa nyinyi mnaopanga makongamano na harambee: huko kwenu mnawanyamazisha vipi? Leteni mbinu. Neema yangu imeshajulikana. Siku hizi nikiinuka tu, Askofu hafumbi macho.