Mashine Ilipoona Uwanja wa Ulezi

Ofisini walimwita Monique. Nyumbani, mlango ukishafungwa, mama yangu alikuwa Adyero, na Mahagi ya Kongo, ambako watu wote waliambiwa ndiko kwao, alikuwa hajawahi kuikanyaga.

Jina hilo la Monique tulipewa na jirani yetu wa Nateete, mtaa wa Kampala, Kahambu, mwanamke Mkongo wa Beni aliyeuza vitunguu. Baba yangu alikuwa askari jeshi. Serikali ilipopinduliwa aliitwa kambini pamoja na wenzake wa kaskazini, akatoka mbio akiwa bado anafunga kifungo cha shingo, na hakurudi. Tukaondolewa kwenye nyumba za askari, tukapanga chumba ukuta mmoja na Kahambu. Alimtazama Mama siku chache, kisha akaja akaketi juu ya ndoo.

"Dada, ukiendelea kusema wewe ni Muacholi, utamfuata bwana yako. Waalur wa Mahagi wanaongea karibu kama ninyi. Kuanzia leo wewe ni Mkongo kama mimi. Marehemu mdogo wangu aliitwa Monique. Chukua, yeye halitumii tena."

Mama alicheka, halafu akalia, halafu akalichukua.

Mimi shule niliiacha darasa la nne, siku mwalimu aliposimamisha watoto mmoja mmoja waseme kabila lao. Ninayoandika hapa mengine niliyaona kwa macho, na mengine nilimtoa Mama kidogo kidogo, kama unavyotoa mwiba kwenye unyayo wa mtu asiyetaka kushikwa.

Mama alikuwa na mkono usiotetemeka. Alidarizi vitambaa vya meza, akavipanga chini kule sokoni Owino, na hapo ndipo Injinia Mumbere alipomkuta. Injinia alikuwa mtu wa milima ya magharibi, mrefu, mwenye suruali fupi kuliko miguu yake. Alikishika kitambaa, akakigeuza nyuma kuona mafundo, akauliza, "Mama, wembe unaweza kuutumia hivi hivi kama sindano?" Hivyo ndivyo Mama alivyoingia kazi ya serikali.

Ilikuwa kazi ya utafiti. Serikali iliyotangulia ndiyo iliyoanza kuitolea fedha, na hii ya wanajeshi ikaiacha iendelee, labda kwa kusahau. Walikuwa na picha za nchi zilizopigwa kutoka ndegeni, makabati kwa makabati, na watu wa kuzisoma walikuwa wachache. Injinia alitaka mashine izisome. Mama alikuwa akichukua filamu nyeusi na kukata kwa wembe tundu lenye umbo la kitu kinachotafutwa, kwa mfano paa la nyumba. Taa ilimulika picha, mwanga ukapita kwenye lile tundu, na popote palipofanana na umbo hilo pichani, nukta nyeupe iliwaka ukutani. Nukta zikihesabiwa, nyumba zimehesabiwa.

Siku ya kwanza walijaribu picha ya Kampala yenyewe kwa umbo la paa kubwa la duara. Nukta moja iliwaka kuliko zote, juu kabisa ya kilima cha Kasubi, penye makaburi ya makabaka, wafalme wa Buganda. Injinia alipiga makofi kama mtoto. Mzee wa lango, Muganda, aliitwa aone, naye akasimama mlangoni akiwa ameshika kofia kifuani.

"Kama imemuona Kabaka," akasema, "mbona haijapiga magoti?"

Mama alitusimulia hayo jioni, Kahambu akacheka mpaka vitunguu vikamwagika. Wakati ule mashine ilikuwa jambo la kuchekesha. Iliita matangi ya petroli nyumba, ikaita mzunguko wa barabara nyumba. Mama aliipenda kama mtu anavyompenda mbuzi mjinga.

Halafu mwaka ule ambao Wahindi waliondoka na maduka yakafungwa, jeshi likasikia habari zake.

Kwanza walileta picha ya kambi yao wenyewe, yenye mahema meupe ya duara. Kapteni mmoja aliiweka mezani akasema, "Kata hii." Mama akakata umbo la hema. Nilimwona jioni ile akinawa mikono mara nyingi, na hapakuwa na kitu mikononi. Alijua wanatafuta nini. Kila mtu mjini alijua kwamba kuna waasi waliovuka mpaka, na kwamba askari wakiambiwa waasi wako mahali fulani, mahali hapo hapabaki nyumba wala kuku.

Baada ya hapo Kapteni alirudi na picha nyingine, ya kaskazini, iliyopigwa kiangazi kile kile. Alikuja na dereva wake, kijana mwenye bunduki, ambaye alibaki mlangoni. Injinia aliweka picha, Mama akaingiza umbo, wakazima taa ya chumba.

Nukta zikawaka. Mbili, kisha nyingi, zimetapakaa kando ya mto kama punje zilizomwagika.

"Imeyapata!" Injinia akasema.

Alisema kwa furaha, maana kwa miaka alikuwa akingoja mashine ikubali kiasi hicho. Ndipo akakumbuka ni nani aliyesimama nyuma yake, akasogea kando.

Kapteni alizihesabu kwa kidole. "Hii ni kambi kubwa," akasema. "Injinia, wewe mtu ya maana sana. Kesho asubuhi magari yangu inaenda. Tunafagia yote."

Mama alikuwa ameinama juu ya picha na kioo cha kukuza. Aliona mto ukijipinda mara mbili. Aliona bati la kanisa la misheni. Kando ya bati kulikuwa na njia, na mwisho wa njia hiyo nyumba tatu za nyasi, na mbele ya nyumba hizo duara jeupe, safi, halina hata jani. Ilikuwa nyumbani kwao. Duara lile lilikuwa la mama yake, bibi yangu Amito.

Kwetu kaskazini kila mama wa nyumba ana uwanja wa kupuria ulezi. Kiangazi kikianza, wanawake huchanganya udongo na mavi ya ng'ombe, wakakandika duara mbele ya nyumba, wakalisugua kwa mkono mpaka linang'aa. Likikauka ni jeupe. Hakuna anayelikanyaga na viatu, na mtoto akilichezea hucharazwa. Mwanamke hujulikana kwa uwanja wake kama fundi anavyojulikana kwa mshono. Mama alijifunza kukandika kabla hajajifunza kupika. Mashine haikuwa na makosa yake yenyewe: ilikuwa imeambiwa itafute duara jeupe, na kijiji kizima kilikuwa kimekandika maduara meupe.

Sasa Mama afanye nini? Angesema, "Hivi ni viwanja vya ulezi," wangemuuliza anajuaje, na kijiji hicho anakijuaje. Mwanamke aliyekijua kijiji cha Waacholi kutoka angani hangefika Nateete jioni. Angenyamaza, bibi yangu na watu wote wa kando ya mto ule wangekufa. Injinia asingeweza kumsaidia. Milimani kwao hawana kitu kama hicho, na mbele ya Kapteni midomo yake ilikuwa imekauka.

Mama akasema, "Nilete chai, afande?"

"Lete."

Alichemsha maji kwenye kona, kama siku zote. Aliniambia kwamba maji yale yalichelewa kuchemka kuliko maji yoyote maishani mwake. Alimpa Kapteni kikombe, akampa Injinia, kisha akampelekea dereva mlangoni. Yule kijana alipokea kwa mikono miwili, na Mama akaona mikato ya shavuni, akajua huyu ni mtu wa ng'ambo ya Nile.

"Mwanangu, kwenu ni wapi?"

"Arua, mama."

"Ahaa." Mama akapandisha sauti kidogo, kama mwanamke wa sokoni. "Basi ni ninyi mnaotuuzia ulezi mchafu. Juzi nimenunua pale Owino, nimepepeta mpaka mkono umeuma. Mchanga mtupu! Mama zenu wanapuria ulezi barabarani, au wapi?"

Dereva akashusha kikombe. "Mama, wewe Mukongo, tukana mimi, lakini mama yangu acha."

"Namtukana? Nasema mchanga ulikuwa mwingi kuliko ulezi."

"Hiyo si ya kwetu! Kwetu mutu hapana piga ulezi kwa mchanga. Mama yangu natengeneza chini na mavi ya ng'ombe. Natengeneza hivi, mviringo," akachora hewani kwa kikombe, chai ikamwagika, "inakuwa nyeupe kama sahani. Unaweza kulala hapo! Mimi nilikanyaga na kiatu siku moja tu, mama alinipiga na muti ya kusonga ugali. Mbele ya nyumba, pale..."

Kikombe kilikuwa kimeelekea ukutani, penye zile nukta.

Mama alirudi kwenye kona yake akaanza kufuta sinia ambalo lilikuwa kavu.

"Afande," dereva akasema, "naweza kuona ile picha?"

Kapteni alisogea. Kijana aliegemeza bunduki ukutani, akainama kwenye kioo cha kukuza, akakaa hapo muda. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyekutana na jirani mjini.

"Afande, hii si tenti. Ona, kila moja iko mbele ya nyumba. Hii hapa na ghala yake. Hii, huyu mama amekuwa mvivu, yake imepasuka. Afande, hii watu wanangoja kupiga ulezi tu."

Kapteni akainama na yeye. Aliponyanyuka alimtazama Injinia, si dereva.

"Kwa hiyo mashine ya serikali ilitaka mimi niende kupigana na uji."

"Afande, ni jaribio," Injinia akasema. "Mashine inaona umbo tu. Haijui..."

"Haijui." Kapteni alilichomoa umbo lile la hema, ile filamu nyeusi ya Mama, akalikunja mara moja na mara ya pili, akalitia mfukoni. Kisha akageuka polepole. "Na wewe, mama Mukongo. Kwa nini uliuliza kijana yangu mambo ya ulezi leo?"

Mama aliweka sinia chini, akamgeukia.

"Nina mtoto, afande. Tumbo linamsumbua, anataka uji. Nataka kujua ninunue wa nani."

"Kwenu Kongo upande gani?"

"Mahagi."

Kapteni akarudia, kana kwamba analionja. "Mahagi. Vizuri." Akamaliza chai yake yote, akaweka kikombe chini bila haraka, akatoka.

Dereva alibaki nyuma kuchukua bunduki. Alimrudishia Mama kikombe kwa mikono miwili vile vile, na bila kumtazama akasema kwa Kiacholi, "Apwoyo, mama," yaani asante. Kijana anayeshukuru vile anastahili kuitikiwa. Mama aliuma ulimi asije akaitikia kwa lugha hiyo.

Naye akaongeza kwa Kiswahili, chini chini, "Bibi ya Kapteni ni mutu ya Mahagi. Anapenda sana kusalimia watu ya kwao. Kesho atamuleta."

Mama alirudi nyumbani mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nilikuwa nikichambua kisamvu. Hakuvua hata kitambaa cha kichwa. Aligonga ukuta, Kahambu akaja na kisu cha vitunguu mkononi, akasikiliza yote akiwa amesimama.

"Mke wa Mahagi," Kahambu akasema. "Huyo atakuuliza mto, atakuuliza padri, atakuuliza mwuza samaki. Na wewe hujui hata choo cha sokoni kiko wapi."

"Ndiyo."

"Basi si umekuwa Mkongo muda wote huu? Twende ukaione hiyo Kongo."

Lori lililomletea vitunguu lilikuwa linarudi na magunia matupu. Tuliingia chini ya magunia hayo, mimi na Mama, na Kahambu akaketi mbele karibu na dereva, akigombana naye juu ya nauli kwa sauti kubwa ili kila kizuizi kimsikie na kichoke naye. Kwenye kizuizi kimoja askari alichoma magunia kwa fimbo. Fimbo ilipita kati ya goti langu na lake. Mama alinishika mkono, akaubana mpaka lori lilipoondoka.

Injinia Mumbere tulisikia baadaye kwamba alihamishwa, na mashine ikafungiwa stoo. Magari ya Kapteni asubuhi ile yaliondoka au hayakuondoka, sijui. Siku moja nilimwuliza Mama kama huenda yalikwenda kijiji kingine. Aliinuka akaenda kuteka maji, na mtungi ulikuwa umejaa.

Sasa tunakaa Beni, nyuma ya nyumba ya kaka yake Kahambu. Mama anadarizi. Watu wa hapa wanamwita Adyero, kwa shida, wanalivunja jina katikati, lakini ndilo wanalomwita.

Mwaka huu mchuuzi mmoja wa chumvi alipita kando ya mto ule wa kwetu kaskazini, na Kahambu alikuwa amempa maswali. Aliporudi tulimkalisha, Mama akampa uji, akangoja amalize, maana kwetu mgeni haulizwi na njaa. Mchuuzi akafuta mdomo.

"Bibi Amito yupo," akasema. "Ni mkali, alinifukuza na viatu vyangu. Anasema mgongo umemshinda. Anauliza nani atakuja kumkandikia uwanja."