Pongezi za mimba ambayo haipo

Leo nimepongezwa kwa mimba ambayo haipo, na nimenyamaza.

Tunaishi Njiru kwa mama mkwe tangu kazi ya Kyalo, bwanangu, iishe. Mathe ana ng'ombe mmoja nyuma ya nyumba na wiki hii anamwachisha ndama kunyonya. Mimi ndio namfunza kunywa kwa ndoo. Unachovya vidole kwa maziwa, ananyonya, unashusha mkono polepole mpaka mdomo wake ufike kwa ndoo.

Nikiwa nimeinama hivyo asubuhi, tumbo likanikata. Nikakaa chini palepale kwa samadi.

Ni koili ya kuzuia mimba, wasee. Niliwekwa juzi, na nesi alinionya tumbo litauma.

Mathe akaniangalia tumbo, akaniangalia uso.

"Kumbe ni hivyo," akasema. "Miaka minne namwomba Mungu."

Akaanza kulia. Huyu mama sijawahi kuona machozi yake.

Nikamgeukia Kyalo, aliyekuwa amesimama hapo kando. Koili tulikubaliana sisi wawili, na yeye ndiye alinisindikiza kliniki. Nikangoja aseme.

Akasema, "Asante, mama."

Sasa ndama hauzwi tena, ni wa mjukuu. Jirani wa kushoto ashaambiwa, wa kulia anaambiwa saa hii. Mimi nimekatazwa hata kubeba ndoo.

Ungekuwa wewe ungeanzia wapi?

Nimekaa hapa na ndama. Ananyonya vidole vyangu vikavu kwa nguvu zake zote, mkia ukicheza, na sina moyo wa kuvitoa.