Bi Mwamini, mpima pembe anayesaka meno ya nyati aliyemuua mumewe

Maji yanatokota ndani ya pipa, na jua la asubuhi limeshaanza kuchoma bati la banda. Bi Mwamini Sadallah anatumbukiza koleo refu, anavua taya la nyati na kulilaza juu ya gunia. Mvuke unapanda. Harufu ni ya supu hasa, na tumbo la mwandishi, ambalo halijapata hata chai, linanguruma bila haya.

“Liache lipoe,” anasema bila kugeuka. “Likipoa ndipo linasema.”

Hapa ni kambi ya uwindaji wa kitalii, mwendo mfupi kutoka Mohoro, wilayani Rufiji. Mama huyu wa miaka hamsini na mbili ndiye anayepima pembe za wanyama waliowindwa na kukadiria umri wao. Kwa kazi hiyo hulipwa shilingi laki tatu na nusu kwa mwezi, msimu wa uwindaji tu. Msimu ukifungwa, anarudi kwenye jembe kama watu wengine.

Akiletewa nyati dume, hupitisha utepe wa kupimia kutoka ncha ya pembe moja hadi ya pili. Kisha hubonyeza kwa dole gumba pale pembe zinapokutana, juu ya paji la uso. Pakiwa pagumu kama jiwe, mnyama alikuwa mtu mzima. Pakiwa laini, pana nywele, basi aliwahishwa, ameuawa angali kijana. Mwisho huchemsha taya na kutazama magego.

“Pembe inaringa,” anasema. “Wapo madume wanaotanua pembe mapema, kama hawa vijana wanaoota ndevu darasa la saba. Ukitazama pembe utamwita baba mkwe, kumbe mtoto. Jino halina maringo. Mnyama anasaga nyasi kila siku, nalo linaisha kila siku.”

Ndiyo maana amejiwekea mwiko: hatamki umri wa mnyama kabla hajaona taya. Mwiko huo ameuvunja mara moja tu, wiki iliyopita, na taya lililo juu ya gunia ndilo lenyewe.

Kazi hii alifundishwa na mumewe, Idrisa, aliyekuwa mfuata nyayo wa kambi. Idrisa hakufia kazini. Miaka tisa iliyopita aliteremka kutoka kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo cha kulindia mpunga, katika shamba lao la ng'ambo ya mto. Alikuwa anakwenda kuteka maji. Nyati alikuwa amesimama ndani ya mpunga, kimya, muda wote.

“Nilimwona kama ninavyokuona wewe,” anasema Bi Mwamini. “Dume zima, paji gumu, pembe ya kushoto imevunjika katikati. Maimuna wangu alikuwa na miaka kumi na mitano, ameniganda kanga. Yule mnyama alipomaliza, akainua kichwa akatutazama. Hakukimbia. Akaondoka taratibu, kama mtu aliyetoka kupeleka ujumbe.”

Tangu siku hiyo watu walilima ng'ambo kwa woga, wakarudi nyumbani kabla ya jua kuzama. Hakuna aliyelala dunguni. Mpunga wakawaachia nguruwe.

Wiki iliyopita Bi Mwamini alikuwa Kibiti kwenye msiba wa shangazi yake. Msimamizi wa kambi, kijana Hiren, ambaye familia yake ina duka Mohoro tangu enzi za babu yake, akamtumia picha kwa simu. Mwindaji mmoja alikuwa ameangusha nyati. Pembe ya kushoto ilikuwa imevunjika katikati.

“Moyo ulinienda mbio, mwanangu. Nikaandika neno moja tu: ndiye.”

Neno hilo lilifika Mohoro kabla yake. Dua ikasomwa, watu wakavuka mto na makuti kwenda kujenga madungu upya. Wa kwanza kuvuka alikuwa Maimuna, ambaye sasa ni mwanamke wa miaka ishirini na minne. Amelijenga dungu palepale liliposimama la baba yake, na analala humo.

Taya limepoa. Bi Mwamini anapitisha kidole juu ya magego, nyuma kwenda mbele. Anarudia. Mkono unasimama.

Hiren anaingia bandani na kikombe cha chai. “Shikamoo, Mama Maimuna. Vipi, mzee wetu alikuwa na miaka mingapi?”

“Huyu si mzee,” anajibu. “Tazama. Kingo kali, zinakata kidole. Mashimo ya katikati bado yanaonekana, meusi. Miaka sita huyu. Nikimzidishia sana, saba.”

Hiren anaweka kikombe chini. Hesabu hiyo haihitaji kalamu: Idrisa alipokufa, nyati huyu alikuwa hajazaliwa.

“Angalia tena, mama.”

“Nimeangalia. Nilitazama pembe kwa kuwa nilitaka awe yeye, sikungoja jino. Mwanangu analala kule kwa neno langu.”

Kisha anafanya jambo linalomfanya mwandishi atamani kuwa nyumbani kwake. Anakwenda kwenye chanja la mafuvu, ukutani, na kushusha moja lililokauka kitambo. Pembe ya kushoto imevunjika katikati.

“Huyu aliuawa miaka minne nyuma,” anasema. “Naye alikuwa kijana. Nilinyamaza, nikasema ni bahati tu. Leo ni wa pili. Wote kushoto, wote palepale.”

“Watu wanasema yule aliyemuua Idrisa anatoa badala yake,” Hiren anamwambia mwandishi kwa sauti ya chini. “Akitafutwa sana, anamtoa mwingine.”

“Hayo ya watu mie siyajui,” Bi Mwamini anamkata, huku akijifunga kanga kiunoni. “Nijualo ni kwamba bado yuko. Niitie bodaboda.”

Kutoka kambini hadi kivukoni ni vumbi tupu, na kutoka hapo ni mtumbwi. Njiani, mwandishi akimfuata, hasemi ila “Ya Rabbi” mara kwa mara. Ng'ambo, kila dungu analopita anapaza sauti: “Si yeye! Teremkeni mwende zenu, si yeye!” Watu wanamtazama kama mwenye kichaa, kisha mmoja mmoja wanaanza kukusanya vyombo vyao.

Ni saa saba mchana tunapofika. Maimuna yuko hai, anapalilia. Mama yake anamkumbatia kwa nguvu hadi jembe linaanguka.

“Mama, kuna nini? Nyati si amekufa?”

“Umeona chochote kule mpungani?”

Maimuna anafikiri. “Alfajiri kulikuwa na kitu kimesimama. Nilidhani ng'ombe wa wafugaji. Kinatafuna, kinatafuna, wala hakimezi. Kilipoondoka nikakuta uchafu umetapakaa.”

Uchafu wenyewe ni mabonge ya majani ya mpunga, kila moja ukubwa wa ngumi. Bi Mwamini anachuchumaa, anaokota moja na kulifumua kiganjani. Majani yamebonyezwa na kupondeka, lakini ni mazima. Hakuna hata moja lililokatika.

Anacheka kidogo, halafu machozi yanamtoka.

“Ndiye,” anasema. “Na safari hii sikutazama pembe. Huyu hana magego. Ameyamaliza yote. Anatafuna kwa fizi, nyasi hazisagiki, anatema. Ana njaa huyu, mwanangu. Ndiyo maana amerudi kwenye mpunga mchanga, hana kingine anachokiweza.”

Anataka kuendelea, lakini anakitazama kiganja chake. Jua la mchana limekausha matope ya shamba hadi yamepasuka. Bonge lililo mkononi bado linadondosha mate.

“Maimuna,” anasema polepole, “panda juu. Na wewe mwandishi. Sasa hivi.”

Mwandishi hakuuliza swali. Ngazi ya dungu lile ina vipago vyembamba, na alivipanda kama mtu aliyezaliwa Mohoro.

Juu ya dungu, watatu tumebanana. Maimuna amemshika mama yake kanga, vilevile kama zamani, na ameshakubali kwamba njia ikiwa salama watavuka pamoja, wala hatalala tena huku. Nyati hapigwi risasi, Bi Mwamini anasema. Hataki aletewe nyati mwingine wa badala, wa tatu. Kiangazi kitamtosha. Nyasi zikikauka, mnyama asiye na meno hafiki mbali.

“Atalala mahali, na fisi watamfanyia kazi yao. Mie nitafuata ndege hadi nilipate taya lake. Nitalichemsha mwenyewe, nipitishe kidole. Nikikuta patupu kote, nitakwenda kumwambia Idrisa kaburini, kisha nitalala usingizi. Miaka tisa sijalala, mwanangu.”

Anaweka kidole mdomoni kutunyamazisha. Hakuna upepo. Chini yetu, baina ya nguzo za dungu, kitu kinatafuna, kinatafuna, wala hakimezi.